Vichezeo vya mti vya visiwani: madukani twiga tele, kidau cha ngalawa hakuna

Omo_na_Tezi (mwanzisha uzi)

Assalamu alaikum wadau.

Nina jambo limenikaa rohoni siku nyingi, leo nalileta barazani. Ukianza Gizenga ukatokea Hurumzi, ukashuka mpaka Shangani, kila duka la vinyago lina meza ya vichezeo vya mti kwa ajili ya watoto wa wageni. Twiga, simba, tembo, kifaru, pundamilia wamepangwa kwa kimo kama watoto wa skuli mstarini. Unguja hii hakuna twiga, Pemba ndiyo usiseme. Mnyama wetu wa kujivunia ni kima punju wa msitu wa Jozani, naye sijamuona juu ya meza hata moja.

Ulizia ngalawa ya kuchezea. Utaoneshwa ya pambo: imegundishwa kwenye kibao, tanga gumu kama kadibodi, mrengu wa upande mmoja mrefu kuliko wa pili. Itie majini uone. Inalala ubavu papo hapo.

Siwadharau wachongaji wa bara, tuelewane. Wale wanyama wana historia yao ya heshima. Wakamba wa Wamunyu kule Kenya walianza biashara ya vinyago baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na jina la Mutisya Munge limeandikwa kuwa ndiye aliyeiona kazi ya wachongaji wa Tanganyika akaipeleka kwao. Mpingo wa Wamakonde hauhitaji mimi niusifu. Ninachouliza ni kuwa vya kwetu viko wapi?

Maana vya kwetu vilikuwepo, na vilikuwa kazi kweli. Kidau cha watoto wa pwani kilichongwa hivi. Unatafuta kipande cha mwembe, au msufi ukiupata maana ni mwepesi, urefu kama mkono mpaka kiwiko. Unatoa umbo la nje kwanza kwa panga na kisu: omo (mbele) imechongoka, tezi (nyuma) imekatwa, chini pameachwa ukingo mwembamba wa mkuku. Ndipo unachimba ndani, na hapa ndipo wengi huharibu. Ubavu mmoja ukibaki mnene kuliko mwengine, chombo kinalalia upande huo maisha yake yote. Mrengu ni vijiti viwili vya kukingama, na kila mwisho kuna kibao kilichoinamishwa kidogo ili kiteleze juu ya maji. Ukikitia wima kinalima maji na ngalawa haiendi. Mlingoti unasimama mbele ya katikati. Foromali, ule mti unaofungwa tanga, ni kijiti cha upongoo wa kuti. Tanga zamani lilikuwa mkoba wa nailoni, mpaka mikoba ikapigwa marufuku (sie tulitangulia, bara wamefuata Juni 2019), sasa ni kipande cha kiroba au kanga kuukuu.

Halafu kuna demani, ile kamba ya kuzuia tanga. Ngalawa ya mtoto haina nahodha, kwa hiyo demani inafungwa kabisa kabla chombo hakijaachiwa. Ukiikaza mno, upepo ukivuma kwa nguvu chombo kinapinduka. Ukiilegeza mno, tanga linapepea tu na wenzako wameshafika. Mtoto wa miaka kumi alikuwa anajua kipimo hicho kwa kusi na kwa kaskazi, na hakukisoma popote.

Naona vichezeo vyetu karibu vyote ni kazi ya mkubwa iliyopunguzwa kimo. Baba anavua, mtoto anaunda kidau. Huo ndio uliokuwa mlango wa ufundi, na ndiyo maana duka la wageni halijui la kufanya navyo: havikuundwa vikae kabatini.

Kwa hiyo wadau: nani bado anachonga, anatumia mti gani, na nani anamuuzia nani?

---

Bint_Mkoani

Uzi mzuri, ila naona mmeanza kama kawaida yenu, baharini na wanaume. Na sie tulikuwa tunacheza na nini, mchanga?

Marehemu babu yangu (mzaa mama) alituchongea mbuzi ya kukunia nazi. Ndogo, ya kukaliwa na mtoto, inakunja na kukunjua kama ya mama, na ulimi wake ni kipande cha bati la kopo alilolitia meno kwa tupa. Inakuna kweli! Tulikuwa tunakuna vidaka, havina hata tui, lakini tunakuna. Na kinu cha mkono na mchi wake, vyote kwa mti wa mfenesi. Kinu kile kilikuwa na mistari miwili ya nakshi kiunoni, ya bure tu, hakuna aliyemuomba.

Mtoto wa bandia tulimfanya wenyewe kwa kigunzi na matambara, huyo fundi seremala hakuhusika.

Kitu kingine ambacho sikioni tena ni mitawanda ya watoto. Ya bibi harusi bado unaiona kwa nadra, ila ile midogo yenye msuruaki wa kubana kwa kidole, iliyokuwa ikivaliwa chooni na uani, imekwenda na ndara za plastiki. Tulikuwa tunaivaa kwa ajili ya sauti yake kwenye sakafu. Bibi anapiga kelele, sie ndio kwanza tunazidisha.

Nakubaliana na hoja yako ya kazi kupunguzwa kimo, Omo. Ila ongeza: kwa wasichana haikuishia kuwa ufundi wa kuchonga. Nilicheza na mbuzi nikaishia kukuna nazi. Kaka yangu alicheza na kidau akaishia kuwa fundi wa vyombo. Hilo nalo tuliseme.

---

Dukani_Hurumzi

Salaam. Mie ni mwenye duka, kwa hiyo naona nimetajwa bila kutajwa.

Hebu tuzungumze bila hasira. Mgeni anashuka kwenye ndege, ametoka Serengeti au anakwenda. Anataka kumpelekea mtoto wake zawadi inayoingia kwenye begi la mkononi. Twiga anaingia. Ngalawa yako yenye mrengu pande mbili haingii, na ikiingia inafika mlingoti umevunjika. Hiyo ndiyo biashara yote kwa ufupi.

La pili, hili la "kwetu" na "si kwetu" linanichekesha. Milango ya Mji Mkongwe tunayojisifia dunia nzima, ile yenye misumari mikubwa ya shaba, mtindo wake umetoka India. Kule wanasema misumari ilikuwa ya kuwazuia tembo wa vita wasivunje lango. Unguja kuna tembo? Hakuna. Msumari ukawa pambo, ukawa wetu, na Mji Mkongwe ukaingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000 na milango hiyo hiyo. Sasa ikiwa tumempokea tembo wa mlangoni ambaye hatujawahi kumuona, twiga wa mezani amekosa nini?

---

Kete_64

Hahaha hapo Dukani umempata.

---

Patasi_Juba

Nimepita tu nikaona nikae. Mie ni fundi wa nakshi, milango na makasha, na nimejifunza kwa ami yangu, sio kwa kozi. Nianze na wewe Dukani.

Hoja ya misumari ni nzuri lakini umeiacha njiani. Ule mlango mtindo wake umetoka Gujarati, sawa, lakini umechongwa hapa, na fundi wa hapa, kwa ajili ya mtu aliyekaa nyuma yake. Mwenye nyumba alikuja kuusimamia, akataka waridi liwe hivi na jina la Mungu liandikwe pale juu. Milango ya zamani zaidi, ile ya mtindo wa Kiarabu, juu iko mraba. Ya mtindo wa Kihindi ya baadaye ndiyo mingi yenye upinde. Ukiangalia kwa makini utaona mafundi walivyochanganya: samaki chini, mnyororo pembeni, mtende unapanda na mwimo. Yaani kitu kilikuja kikapitia mikononi mwa watu. Twiga wako amepita mikononi mwa nani hapa? Mwenye boti na mwenye boksi. Hiyo ndiyo tofauti, siyo asili yake.

Na hayo maelezo ya watembeza wageni, mnyororo maana yake hili, samaki maana yake lile, yachukueni kwa kipimo. Ami yangu akiulizwa kwa nini ametia samaki, alikuwa anajibu kwamba nafasi ilikuwa ya samaki.

Sasa vichezeo. Kwenye karakana yetu mtoto hakupewa mlango. Alipewa kipande cha ubao kilichobaki, penseli na bikari, akaambiwa achore mnyororo. Akichora sawasawa, anapewa patasi nyembamba na gongo la mti (siyo nyundo ya chuma, inapasua mpini), anakata mstari wa nje kwanza, halafu anashusha ardhi ya nakshi kidogo kidogo mpaka mnyororo unainuka. Bobari, patasi ya mdomo wa mviringo, inakuja baadaye, kwa majani na waridi, pale panapotaka mviringo. Kile kibao kikikamilika anakipeleka nyumbani, wadogo zake wanakifanya gari, kitanda cha mtoto wa bandia, chochote. Vichezeo vingi vya mjini vilitoka kwenye mabaki ya karakana namna hiyo.

Mtihani wenyewe ulikuwa marfaa. Kwa wasioijua kwa karibu: ile ya kuwekea msahafu, inayofunguka kama mkasi, haina bawaba, haina msumari, haina gundi, na imetoka kwenye ubao mmoja. Unachora vidole vya bawaba katikati ya ubao, kimoja cha huku kimoja cha kule. Unavikata kwa patasi upande wa juu mpaka nusu ya unene, unaugeuza ubao, unavikata upande wa chini vipishane na vya juu. Halafu unaupasua ubao kwa unene wake, kwa msumeno, kutoka ncha hii mpaka kwenye vidole, na kutoka ncha ile mpaka kwenye vidole. Ukimaliza, ubao mmoja unafunguka kuwa mbili zilizokamatana. Ukikosea unene wa kidole kimoja, unasikia "ta!" na unaanza na ubao mwengine. Ami alikuwa akitupa vibao vya kiganja, tutengeneze marfaa ndogo za kuchezea. Mtoto anayeifungua kwa mara ya kwanza huwa anaitafuta bawaba mpaka anakasirika. Hicho, Dukani, kinaingia kwenye begi la mkononi. Kinalala bapa kama daftari.

Niliwahi kuvichonga kwa ajili ya kuuza, vidogo, vizuri, nikampa mwenye duka mmoja kwa mali kauli. Msimu ukaisha, wageni wakaondoka, hela sikuiona na mali sikurudishiwa. Simtaji, Mungu anamjua. Tangu hapo nachonga vya kugawa tu na vya walioniagiza.

---

Dukani_Hurumzi

Sio mie huyo, wallahi. Lakini hiyo marfaa ya kiganja niletee, nitakulipa taslimu siku hiyo hiyo. Na ukiweza weka na karatasi yenye picha ya namna inavyokatwa. Mgeni akiona kimetoka ubao mmoja atanunua, hilo nalijua.

---

Kete_64

Mbona hakuna aliyelitaja bao? Kichezeo cha mti kikubwa kuliko vyote visiwani ni bao la kete, na mkubwa anaruhusiwa kukicheza bila kuchekwa.

Mashimo 32, safu nne za nane nane, kete 64. Kila mmoja anaanza na kete kumi tu ubaoni, sita ndani ya nyumba (shimo lake kuu) na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, 22 nyengine mkononi za kunamua, yaani kuingiza moja moja. Zikishamwagika zote ndipo mnaingia mtaji, awamu ya pili ya mchezo, na hapo ndipo wanaojiona wajanja wanapofunuliwa. Kete ni komwe, za kijivu, zinateleza mkononi.

Ninalotaka kusema kuhusu kuchonga: mabao mengi ya kwenye maduka ni ya picha tu. Mashimo hayana kina, kete zinaruka ukimwaga kwa kasi. Bao la kuchezwa shimo lake linatakiwa liwe na tumbo, midomo yake imeviringwa isikate vidole, na nyumba ni ya mraba ili ijulikane hata kwa kupapasa. Pia ubao uwe mzito, ukiwekwa mkekani usisogee mtu anapopiga kete kwa hamaki. La mfenesi ni zuri. Linaanza manjano kabisa, miaka ikienda na jasho la mikono linakuwa rangi ya tende.

---

Mama_Wawili_Maskati

Assalamu alaikum kutoka Maskati. Nasoma hapa nacheka peke yangu, mitawanda imenikumbusha mbali.

Nina swali la kiutendaji. Niliagiza gari ya mti kutoka nyumbani kwa ajili ya mwanangu mdogo, imepakwa rangi ya mafuta nyekundu na manjano, inang'aa. Mtoto kila kitu anatia mdomoni. Ni salama?

---

Patasi_Juba

Dada, usimpe mpaka ujue rangi gani imetumika. Rangi za mafuta, hasa nyekundu na manjano zinazong'aa, nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na risasi inadhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Rangi ya kupaka vyombo vya baharini ndiyo usiisogeze kabisa, ile imewekwa sumu makusudi ili viumbe vya baharini visishike.

Mie vichezeo vya watoto wadogo sivipaki rangi. Nasugua kwa msasa mpaka uso unakuwa laini, halafu napaka mafuta ya nazi yaliyoyeyushwa pamoja na nta ya nyuki. Mafuta ya nazi peke yake hayakauki, yanabaki yananata na baadaye yananuka, ndiyo maana natia nta, na nafuta kwa kitambaa mpaka mkono hautoki na kitu. Ukitaka rangi, mbegu za mzingefuri zinatoa wekundu mzuri, manjano ya jikoni inatoa rangi yake lakini jua linaila. Kila kitu kina bei yake.

Na usikubali mtu akupakie sifa, yale mafuta ya kupaka vyombo. Wako wanaosema "mafuta ya asili". Ni ya asili kweli, ya papa, chombo kinapenda, ila chumba cha mtoto kitanuka kama bandari.

---

Kaskazi_Kojani

Mmemaliza mji mzima hamjagusa pia, ile ya kuzungushwa kwa uzi.

Sie huku Pemba pia ilikuwa na msimu wake, ikianza huoni mtoto mkono mtupu. Inachongwa kwenye mpera, mti mgumu haupasuki ovyo, na ndio huo huo tulikokata panda za manati. Wengine tawi la mkarafuu lililokauka, zito hilo, ila mkarafuu haukatwi ovyo, una sheria yake, kwa hiyo unasubiri likauke na kuanguka lenyewe (au unasema limeanguka lenyewe). Umbo la nje unalitoa kwa kisu. Chini unatia msumari uliokatwa kichwa, na huo msumari ukikaa pembeni hata kwa unene wa unywele pia inayumba kama mlevi. Uzi unaanza kuzungushwa kutoka kwenye ncha kwenda juu, umebana, unarusha na kuvuta kwa pigo moja.

Mchezo wenyewe ni ugomvi. Duara inachorwa chini, pia ya aliyeshindwa inalazwa katikati, wenzake wanaipiga kwa zao. Pia iliyochongwa vibaya inapasuka mbele ya kijiji kizima, na hapo ndipo unajua nani fundi.

Mjini kulikuwa na wakereza wanaozitoa kwenye kerezo (mtambo wa kuzungusha mti), za mviringo kamili, zinauzwa sikukuu. Nzuri, lakini sie tulikuwa tunazidharau. Ya kununua ikishinda, nani ameshinda?

---

Bint_Mkoani

Kaskazi, na wasichana tulikuwa tunazipiga hizo pia mkiondoka. Muulize dada yako.

---

Omo_na_Tezi (mwanzisha uzi)

Nimesoma zote. Dukani, hoja yako ya tembo nimeipenda, na jibu la Patasi nimelipenda zaidi, kwa hiyo sina la kuongeza hapo isipokuwa moja. Kuwa kidau hakiingii begini si kosa la kidau. Mlingoti na mrengu vinaweza kuchomolewa, kama vya ngalawa za kweli vinavyofunguliwa kamba. Mchongaji akitoboa matundu badala ya kupiga gundi, kinalala ndani ya begi na mtoto anakiunda upya akifika kwao. Na kuunda ndiyo nusu ya mchezo.

Suala la mti ndilo zito. Mwembe na mfenesi bado ipo, lakini miembe ya zamani inakatwa kwa ajili ya viwanja vya nyumba na inaishia kuni na mkaa. Nimeona shina la mwembe, ngalawa nzima ingetoka humo, linapasuliwa kuni. Anayetaka kukata mti wa maana anahitaji kibali, na ni haki. Lakini unaokatwa kwa kujenga nyumba umeshakatwa. Kinachokosekana ni mtu wa kumpigia simu fundi kabla ya shoka. Na mwembe ukilazwa chini mbichi bila kufanyiwa kazi, bungua wanauwahi, huchongi kitu humo.

Kwa hiyo naomba hivi. Aliye Unguja na anajua mwembe au mfenesi unaokatwa, aandike hapa mtaa tu, asiandike jina la mtu wala namba ya simu, halafu Patasi au mwengine mwenye karakana atamfuata ujumbe wa siri. Matawi yanatosha kwa vichezeo, shina wachukue wenye vyombo.

Na Kaskazi, tunataka pia za mpera kwa ajili ya sikukuu ijayo, za kupigwa kule Tibirinzi, Pemba, na huku Mnazi Mmoja, Unguja. Unaweza kuchonga ngapi?

---

Kaskazi_Kojani

Mpera upo nyuma ya nyumba, unazaa kila mwaka na mama hataki uguswe. Matawi ya pembeni atakubali nikisema naye vizuri. Idadi siiweki hapa, mtanidai. Misumari leteni wenyewe, ya inchi mbili, na uzi uwe wa pamba, wa nailoni unateleza.

---

Dukani_Hurumzi

Nyengine mniwekee za dukani. Nitazipanga mbele ya twiga.

---

Patasi_Juba

Taslimu?

---

Dukani_Hurumzi

Taslimu, fundi.